Mambo ya Kupanga Nyumbani Kabla Asiyeona, Kiziwi au Mzee Hajapanda Gari Peke Yake

Simu imewafungulia watu wengi barabara. Asiyeona anatoka Tukuyu mpaka Mbeya mjini bila kushikwa mkono, kiziwi anashuka kituo chake bila kutegemea sauti ya konda, bibi anakwenda kliniki Hospitali ya Rufaa na kurudi nyumbani mwenyewe. Nafurahi kuliona hilo na sitaki mtu arudishwe ndani. Ila mambo yafuatayo yafanyike nyumbani, mezani, mkiwa mmetulia. Stendi si mahali pa kufundishana simu.

Chaji ijae. Salio la kupiga liwepo, siyo bando peke yake. Nauli iwe chenji, na ikae mfuko wake.

Ramani ipakuliwe mapema. GPS haili bando, kwa hiyo kitone kinachoonyesha ulipo kitaendelea kutembea kwenye ramani hata mtandao ukikata njiani. Kinachotaka intaneti ni kumtumia mwenzako mahali ulipo. Na usitegemee ramani ikuambie upande Haisi ipi. Hilo utamuuliza mpiga debe.

Asiyeona awashe TalkBack, ile inayomsomea kioo kwa sauti, na apakue sauti ya Kiswahili kabisa, maana sauti ya Kiingereza ikisoma "Mwanjelwa" hata mwenyeji hataelewa. Earphone ni sikio moja tu. Sikio la pili ni la konda, la honi na la abiria wenzako.

Kiziwi aandike ujumbe wake kabla, herufi kubwa zijae kioo: "Mimi ni kiziwi. Nashuka Mafiati. Tukikaribia nishtue begani." Konda asome, aitikie kwa kichwa, ndipo ukae. Kaa mbele karibu na mlango.

Kama unatumia programu ya kengele inayotetema ukikaribia kituo, usiitegeshe kituoni penyewe. Itegeshe nyuma kidogo, upate muda wa kusema "shusha". Na kwa hapa Mbeya angalia sana: barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, ina mradi wa kupanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, na kazi za namna hii zinahamisha vituo. Leo gari linashusha hapa, wiki ijayo mchepuko umelipeleka upande wa pili. Weka alama kwenye kitu kisichohama, kama sheli, kanisa au msikiti, na ulizia kituo kabla hujatoka nyumbani.

Mzee mwenye kitochi asilazimishwe simu janja ya wiki hii kwa safari ya wiki hii. Mtegeshee namba yako kwenye kitufe kimoja, akikibonyeza kwa muda inapiga. Afanye mazoezi mbele yako mpaka kidole kizoee.

Lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp inafaa, lakini ina muda: dakika 15, saa 1 au saa 8. Anayetoka Mbeya kwenda Dar es Salaam itamwishia njiani, kwa hiyo akumbushwe kuiwasha upya. Itumwe kwa watu wawili anaowaamini, siyo kwenye grupu la ukoo lenye watu hata hamfahamiani.

Sasa hili lisome mara mbili. Lokesheni ni ya simu. Mtu anaweza kuwa kwingine kabisa.

Mpwa wangu haoni, na simu anaijua kutushinda wote nyumbani. Alipanda Kosta pale Nane Nane kuja kwangu Makambako. Akatuma lokesheni, akamwomba jirani yake wa siti amsomee namba ya gari, akairekodi kwa sauti akatutumia. Chaji ilipoanza kushuka, akachomeka simu kwenye pawabanki, vyote akavitia kwenye begi na begi akaliweka miguuni. Konda akalivuta akalisukuma nyuma kwenye mizigo ili abiria wa kusimama wapate nafasi. Kufika Igawa, dereva akasema gari halifiki Makambako, abiria wanafaulishwa, yaani wanahamishiwa gari lingine. Unajua kufaulishana kulivyo: konda anagonga bodi, "twende, twende, hilo linaondoka," watu wanagombea mlango. Msamaria mmoja akamshika mkono, akampandisha gari la pili. Begi likabaki.

Mimi niko Makambako macho kwenye kioo. Kitone kikafika Igawa, kikasimama, kikageuka. Kinarudi Chimala. Napiga, inaita, hakuna anayepokea. Mama yake kule Uyole anakiona kitone hichohicho, analia kwamba mtoto ametekwa. Kaka yake akakimbizwa Nane Nane kuipokea Kosta. Wakati ukoo mzima unafukuza kitone, mwenyewe ameshashuka Makambako, amesimama stendi na fimbo yake nyeupe, kwenye ule upepo mnaoujua, koti liko begini. Namba zetu zote ziko kwenye simu. Kichwani alikuwa na moja tu, ya jirani wa Tukuyu ambayo haijabadilika tangu utoto wake. Akamwomba dada wa kibanda cha wakala aipige. Jirani akampigia mama yake, mama yake akanipigia mimi. Giza lilikuwa limeshaingia nilipomkuta ndani ya kibanda, amekalishwa kwenye kreti la soda, fimbo ameishika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo simu ikae mwilini. Kamba shingoni, simu ndani ya sweta, pawabanki mfuko wa koti na waya upite ndani. Begi likienda buti, simu haiendi nalo. Kabla ya kulipa uliza wazi: "Gari linafika, au linafaulisha?" Ukifaulishwa, usiteremke mpaka begi liko mkononi, na wakikusukuma wasukume. Ukikaa gari jipya, omba usomewe namba yake na utume kwa sauti hapohapo. Namba mbili za simu zikae kichwani, na zilezile ziwe kwenye karatasi ndani ya mfuko wa shati. Na ninyi mnaosubiri, kitone kikifanya jambo la ajabu, mmoja akifuate, mwingine aende kusimama pale msafiri alipopaswa kushukia. Asiondoke.

Namba ya siri ya pesa za simu haisomwi na konda wala na yule kijana mkarimu wa stendi, hata kama mtandao unasumbua. Simu isitolewe dirishani gari likisimama. Gari likikatisha ruti, andikeni namba yake mliripoti LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Msinyamaze kwa sababu mmefika salama.

Safari ya kwanza apitishwe na mtu, ya pili mtu huyo akae siti ya nyuma kimya, baadaye aende mwenyewe. Mwezi wa sita na wa saba, Njombe na Makete, vidole vinakufa ganzi na kioo hakisikii glavu, kwa hiyo aliyezoea kupapasa kioo ajaribu nyumbani asubuhi ya baridi kwanza. Mvua nayo, kioo kikilowa kinajibonyeza chenyewe. Kitambaa kikavu kiwe mfukoni. Gari la mwisho la jioni msilitumie, hata kama nauli yake ni rahisi.