Somo: Kutoka pipa la mafuta ya chipsi hadi rekodi ya kasi Bonneville

Wakuu, naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma linki tu. Kila wiki inboksi inaletewa swali lile lile: "Eti mlitumia mafuta ya kupikia? Injini haikufa?" Tulitumia, na haikufa. Nilikaa misimu miwili kwenye timu ya wanafunzi wa uhandisi huko Marekani, tukikimbiza gari la mafuta hayo kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, na kazi yangu ilikuwa mafuta, si usukani. Anayetaka kujua raha ya mwendo amtafute dereva. Mimi nilikuwa nanuka kuku wa kukaanga hata siku ya mtihani.

1. Soma kanuni kabla ya kununua hata boliti. Mashindano ya Speed Week pale Bonneville husimamiwa na SCTA, chama cha mbio za kasi cha Kusini mwa California, tangu 1949. Daraja lako linatokana na ukubwa wa injini, umbo la gari na aina ya mafuta. Chagua daraja kwanza, gari lifuate.

2. Tafuta gari la dizeli. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Boise State walikimbiza pikapu ya Chevrolet S-10 kwa mafuta ya mimea. Wa Utah State walijiundia kijigari chembamba chenye injini ya lita 1, silinda mbili.

3. Usalama. Kizimba cha mabomba, mikanda, suti ya kuzuia moto, mitungi ya kuzimia moto. Hakuna mjadala, mkaguzi atakurudisha.

4. Badilisha mipira ya mafuta. Biodizeli, yaani dizeli tunayopika kutokana na mafuta ya kupikia, hulainisha mpira wa kawaida mpaka unabonyea kama bigijii. Weka ya Viton, mpira unaohimili biodizeli. Beba na filta za akiba, kwa sababu biodizeli hung'oa uchafu wa miaka yote ulioganda kwenye tangi na kuupeleka wote kwenye filta.

5. Kusanya mafuta machafu. Migahawa inatoa bure ukienda kwa adabu na madumu yako mwenyewe. Chuja makombo, kisha pasha moto maji yatoke. Dondosha tone kwenye kikaango cha moto: likilia chsss, maji bado yamo.

6. Pima asidi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Mafuta yakikaangiwa sana huvunjika na kuacha asidi. Asidi hiyo hula kostiki soda unayoweka, na kostiki ndiyo inayofanya kazi ya kutenganisha mafuta na gliserini, ule uzito unaotuama chini ya pipa. Mafuta mapya yanahitaji gramu 3.5 za kostiki kwa lita. Yaliyotumika yanahitaji hizo pamoja na nyongeza, na nyongeza hujulikana kwa kupima tu. Yeyusha gramu 1 ya kostiki kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Chukua mililita 1 ya mafuta, koroga ndani ya mililita 10 za spiriti ya isopropili, tia matone mawili ya fenolfthalini, dawa inayogeuka rangi asidi ikiisha. Kisha dondosha yale maji ya kostiki kwa sindano, kidogo kidogo, mpaka rangi ya waridi itokee na ikae sekunde kumi bila kupotea. Mililita ulizotumia ndizo gramu za nyongeza kwa kila lita ya mafuta.

Dakika tano. Sasa sikieni. Pipa la kwanza, kutoka kantini ya chuo, lilisoma 1.5. Likapikika vizuri, rangi kama chai ya rangi. Pipa la pili lilitoka mgahawa wa kuku. Lilinuka tofauti, lilikuwa jeusi zaidi, na mimi nikasema "ni yale yale." Nikaweka gramu 5 kwa lita (3.5 na 1.5) kama mwanzo. Kesho yake gliserini chini ilikuwa kiduchu, maana yake mafuta hayajaiva. Badala ya kupima, nikaogopa kuchelewa, nikaongeza kostiki kwa macho. Macho! Tulipomimina maji ya kuosha na kukoroga, pipa zima likawa kama mtindi. Lita 120, siku nane kabla ya safari. Unazamisha mwiko, unautoa, alama ya mwiko inabaki palepale imesimama. Nilikuwa nimepika sabuni.

Basi:
- Pima KILA pipa, hata kama ni mgahawa ule ule, mpishi yule yule.
- Pima mara tatu. Majibu yakipishana sana, mkono wako ndio mbovu.
- Mapishi yakigoma, simama. Usiongeze kitu kwa macho.
- Kostiki iliyofunguliwa muda mrefu hunywa unyevu wa hewa na kupungua nguvu. Funga kopo.

7. Kupika. Yeyusha kostiki kwenye methanoli, mililita 200 kwa lita ya mafuta, ndipo umimine kwenye mafuta yenye nyuzi 55. Koroga saa moja. Usipandishe zaidi, methanoli huchemka karibu 65. Vaa glovu na miwani, fanyia nje. Methanoli ndiyo ile inayopofusha watu kwenye gongo iliyochakachuliwa, na mvuke wake nao ni sumu. Moto wake mchana karibu hauonekani.

8. Osha, kausha, hakiki. Lala nayo usiku, toa gliserini chini, osha kwa maji taratibu (usitikise kama chupa ya dawa), kausha. Mwisho tia mililita 3 za biodizeli kwenye 27 za methanoli. Ikiyeyuka yote, umefaulu. Mafuta yakituama chini, rudi kwenye sufuria.

9. Chumvini. Ukiipita rekodi kwenye mbio ya kwanza, hujapata kitu bado. Gari linawekwa kizuizini, mnapewa saa nne za kulishughulikia, na asubuhi mnakimbia tena. Wastani wa mbio mbili ndio rekodi. Hivyo mafuta ya leo na ya kesho yawe pipa moja. Ndiyo maana nimekazania hatua ya 6.

Maswali hapa chini.

---

Kigogo_Tx: Mkuu nina Noah, naweza kumwaga haya mafuta moja kwa moja?

Mwandishi: Noah yako ni ya petroli?

Kigogo_Tx: Ndio

Mwandishi: Basi hapana.

Mpakani: Kostiki sina, ila nyumbani kuna magadi ya kupikia maharage. Si yale yale?

Mwandishi: Si yale yale. Pika maharage.

Sauti ya Gerezani: Nimeona mtandaoni hao Utah State mwaka 2012 walifikisha maili 65 kwa saa. Hiyo ni kilomita 105. Bodaboda wa hapa Mbagala anafika. Rekodi gani hiyo?

Mwandishi: Huyo bodaboda ana injini ya dizeli ya lita 1 na mafuta yaliyotengenezwa na hamira? Maana wao waliilisha hamira majimaji yanayobaki kwenye kutengeneza jibini, ikanenepa mafuta, wakayatoa na kuyageuza biodizeli. Kwa dizeli ya kawaida gari hilo hilo lilikwenda 64.4, kwa hamira 65.344. Hapo ndipo pa kutazama. Kama shida yako ni namba kubwa tu, gari la JCB Dieselmax lilikwenda maili 350 kwa saa pale pale Bonneville mwaka 2006, kilomita 563. Ila hiyo ni dizeli ya kawaida, na si ya wanafunzi.

Sauti ya Gerezani: Punguza hasira mkuu, nimeuliza tu.

Mwandishi: Umeuliza baada ya kucheka.

Mwalimu wa Fizikia, Moshi: Asante kwa somo. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanauliza: kwa nini kwenye chumvi? Na kule juu hewa ni nyepesi, injini haichoki?

Mwandishi: Maswali mazuri, Mwalimu. Majira ya baridi maji hufunika uwanda ule, kiangazi yanakauka, na upepo unayatandaza hadi chumvi inabaki bapa kwa maili nyingi. Mvua ikikosea saa, hakuna mbio; 2014 na 2015 Speed Week ilifutwa. Kimo ni kama mita 1,280, juu kidogo ya Dodoma na chini kidogo ya Arusha. Hewa nyepesi inapunguza upinzani mbele ya gari, lakini pia inapunguza oksijeni ndani ya silinda, kwa hiyo turbo, inayosukumia hewa ndani ya injini, ni muhimu. Biodizeli nayo ina nishati pungufu kidogo kuliko dizeli, ila huwaka upesi ikishindiliwa. Waambie pia kwamba kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya Rudolf Diesel, mvumbuzi wa injini za dizeli, iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Si jambo geni.

Mwalimu wa Fizikia, Moshi: Watafurahi na hiyo ya karanga. Na Ziwa Magadi kwa jirani zetu, si lingefaa kwa mbio?

Mwandishi: Nimewahi kuliota hilo. Lakini pale ni ganda la magadi juu ya maji ya chumvi, gari zito litazama. Jangwa la Chalbi huko Marsabit lingenivutia zaidi, wakati wa kiangazi tu.

Binti Sabuni: Ile gliserini mnaifanyia nini? Mimi ni mtengeneza sabuni.

Mwandishi: Dada, wewe ndiye ungetuokoa siku ile. Sisi tuliikabidhi kwa wahusika wa taka. Ina mabaki ya methanoli, kwa hiyo usiiguse kabla methanoli haijatolewa, na kazi hiyo haifanyiki jikoni. Mabaki ya kostiki nayo yahesabu kwenye mapishi yako.

Binti Sabuni: Nimeelewa. Fenolfthalini hapa sipati. Kuna mbadala?

Mwandishi: Manjano! Umewahi kuona doa la pilau kwenye kanga likigeuka jekundu ukilipaka sabuni? Ndicho kipimo hicho. Loweka manjano kwenye isopropili, chuja, tumia matone. Njano ikigeuka nyekundu na kukaa, andika namba.

Safari ya Muscat: Ukienda uwanja kama ule paka losheni mpaka chini ya kidevu na ndani ya pua. Jua linarudi kutoka chini. Mimi huku Oman nimejifunza kwa maumivu.

Mwandishi: Kweli tupu. Na gari lioshwe chini siku ile ile, chumvi haisubiri.

Binti Sabuni: Nimejaribu manjano leo, mafuta ya mama muuza mihogo. Mara ya kwanza 2.2, ya pili 2.4, ya tatu 2.3.

Mwandishi: Mkono wako mzuri kuliko wangu. Chukua 2.3, jumlisha 3.5. Gramu 5.8 kwa lita, na anza na lita moja tu.