Timbo limeisha mawe, sasa? Namna ya kurudisha miti kwa shimo na kazi kwa watu

Hizi siku naulizwa sana kuhusu haya matimbo yaliyoachwa huku Kilifi. Mawe ya kujengea yamekatwa yakaisha, mashine ikapakiwa kwa lori ikaenda, vijana wamebaki kwa maskani na shimo liko pale linangoja mvua lijae maji watoto waende kuogelea. Na ndugu zetu wa Kwale nao wako na swali lao, maana uchimbaji wa titani ulikoma Desemba 2024. Nitaandika vile ninavyojua mimi, mwenye zaidi aongeze.

Wengi wenu mlipelekwa Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, Mombasa, mkiwa shule, mkalisha twiga, mkamtazama kiboko, mkarudi nyumbani na soda. Pale mlipokanyaga palikuwa timbo la kiwanda cha saruji cha Bamburi, na kufikia 1971 kulikuwa na jiwe jeupe tupu, jua linapiga chini linakurudia usoni, na maji ya chini yana chumvi. Mswisi mmoja, Rene Haller, mtaalamu wa kilimo, akajaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi sita zilibaki tatu tu: mvinje (casuarina), mnazi na ule mti wa Kisomali unaitwa damas. Sasa fikiria, mtaalamu mwenye kampuni nyuma yake na bado aina 23 zilikufa, halafu sisi kikundi chetu tukaanza na miembe na mikorosho kwa sababu ati ndiyo iko na pesa, tukaita mgeni rasmi, tukapiga picha. Kufikia Septemba tulikuwa na vijiti.

Kwa hivyo kabla ya mche wowote, karatasi. Shimo ni la nani? Huku pwani unaweza kupanda miaka mitano halafu mwenye taito akatokea Nairobi na miti imeshafika kimo cha kuuza. Andikeni mkataba, mwenye ardhi aweke sahihi, mzee wa mtaa na chifu wawepo, na muandike kabisa miti ni ya nani na ardhi ni ya nani, hivyo ni vitu viwili tofauti. Kama timbo bado linachimbwa basi mna bahati, kwa sababu sheria ya madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya kurekebisha mazingira, kwa hivyo ulizeni mapema hiyo pesa ni kiasi gani na mpango wa kurekebisha unasemaje. Siku mashine iko juu ya lori, mmechelewa.

Halafu kingo. Ukuta wa shimo uliosimama wima unamomonyoka na unaua, ukateni kama ngazi za nyumba au mwage vifusi upande mmoja mpate mteremko wa kushukia. Vijana waliokuwa wanakata mawe hii kazi wanaijua kuliko injinia yeyote, walipeni wao kwanza. Ukileta watu wa nje kufanya hiyo kazi, mradi hautakuwa wa kijiji tena na usishangae ng'ombe wakiingia usiku.

Miti sasa. Anza na mvinje, usiwe mjuaji. Vijitunda vyake vya miba, vile vinafanana na stafeli la mtoto wa doli, vichume vikianza kugeuka kahawia lakini kabla havijafunguka. Tandaza kwa gunia juani siku mbili tatu, vitapasuka vyenyewe na mbegu zitadondoka nyepesi kama kapi, kwa hivyo usifanye hii kazi penye upepo. Sisimizi wanazipenda hizo mbegu ajabu, watabeba zote usiku mmoja ukilala. Dawa ni kuotesha juu ya meza na kila mguu wa meza uingie ndani ya kopo la maji.

Na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Mvinje unaishi kwenye jiwe kwa sababu mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria anaitwa Frankia, anayechukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Udongo wa dukani au wa shambani huenda hauna huyo bakteria. Nenda chini ya mivinje mizee, chota udongo kidogo penye mizizi, changanya kwenye nasari yako, yaani kitalu cha miche, ni kama hamira kwa unga wa mandazi. Mche ukifika urefu wa kama mkono na masika yameshika kabisa, piga mtaimbo jiwe lipasuke, jaza vumbi la mawe na mbolea ya mbuzi, panda, acha mita mbili na nusu kati ya mti na mti.

Miti itaota lakini udongo hautatokea hivi hivi. Bamburi majani ya mvinje yalianguka yakalala tu hayaozi, yana tanini nyingi, bakteria wa kuozesha hawayawezi. Haller akaona jongoo mwenye miguu myekundu anayatafuna bila shida, akaagiza waokotwe kwa mamia waletwe shimoni. Jongoo anakula, anachoacha ndicho kinaoza, ndiyo mboji hiyo. Mvua ikinyesha wapeni watoto ndoo, shilingi kidogo kwa kila jongoo mia, mtachoka kuhesabu.

Pesa je? Msitu unalipa polepole na watu wanakula leo, ndiyo maana miradi mingi inakufa. Panga kwa zamu: nasari iuze miche mwaka wa kwanza, mizinga ya nyuki iwekwe mara kuwe na maua karibu, na mivinje ikifika miaka minne mitano punguza mmoja katikati ya miwili uuze mapau na nguzo, ndiyo nafasi ya kuingiza miti ya kienyeji kwenye kivuli. Kama shimo lina maji, yaonje kwanza. Chumvi kidogo tilapia wanavumilia, chumvi ya bahari waache.

Watalii mwisho. Bamburi palifunguliwa kwa umma 1984, yaani miaka 13 baada ya kupanda, na mpaka 2004 palikuwa pameshakuwa mahali pa kumpokea Owen, yule kiboko mtoto aliyeokolewa baharini karibu na Malindi akafanya urafiki na kobe mzee. Nyinyi mwaka wa pili mnataka kujenga geti na banda la tiketi? Hiyo pesa nunueni senyenge, mbuzi wa jirani hajui mradi.