Tumbo likikusumbua kila wiki, anzia hapa

Kama tumbo hukunyonga angalau siku moja kwa wiki, miezi 3 sasa, na mara unaharisha mara choo ni kigumu, inaweza kuwa IBS (irritable bowel syndrome), yaani utumbo wenye huchokozeka haraka. Na si eti unajifanya, utumbo na ubongo huongea, so stresi ya kazi ama kukwama kwa jam Thika Road inaweza kuuchokoza kabisa.

Kwanza pimwa. Ukiona damu kwa choo, unakonda bila sababu ama shida imeanza ukiwa umepita miaka 50, enda hosi mapema, tafadhali, usikae ukimeza dawa ya ameba kila mwezi.

Halafu chukua daftari uandike kile umekula na vile tumbo limefanya. Wenye huchokoza sana ni kitunguu, saumu, madondo, maziwa na chapati za ngano. Toa hizo wiki 4 hivi, ukule ugali, mchele, sukuma, mayai, kitunguu weka yale majani ya kijani pekee, alafu rudisha moja moja uone ni gani inakuumiza, juu si lazima zote. Githeri ndio ngumu kuacha, najua. Kula polepole, tembea kila siku.