Ukiitwa kuamua ugomvi mtaani, fanya hivi

Tuseme ng'ombe wameingia kwenye shamba la uwele huko Chamwino na wewe ndo umeitwa kuamua. Wasikilize wote wawili, hata kama mmoja ni mgeni, Biblia kwenye Kumbukumbu la Torati 1:16 inataka hivyo. Usipokee hata soda, Kutoka 23:8 inasema rushwa inapofusha macho. Sasa hapa ndo wengi tunateleza, Walawi 19:15 inakataza kumpendelea mkubwa LAKINI na maskini pia, yani huruma isibadilishe nani kakosa, ukitaka kumsaidia maskini toa mfukoni kwako baadae. Shahidi mmoja hatoshi, tafuta wawili au watatu. Ikithibitika mwenye mifugo analipa, tena kwa mazao bora ya shamba lake, Kutoka 22:5.