Kufika kwenye jabali lisilo na njia, Lushoto

Jabali la Irente kila mtu anakwenda, njia ipo wazi, na kutoka Lushoto mjini unafika kwa miguu. Mimi na shoga yangu tulipokuwa pale tuliona jabali jingine pembeni, limetokeza kama kidevu cha mtu mkaidi, tukataka kukaa juu yake. Njia hakuna. Mara ya kwanza tulishindwa, ya pili tukafika.

Nenda asubuhi. Ukingo ule umeelekea machweo, kwa hiyo asubuhi jua linakuwa mgongoni na nyika ya Mazinde unaiona mpaka mashamba ya mkonge. Jioni jua linakupiga usoni, halafu giza la milimani halina subira. Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani. Ule udongo mwekundu ukilowa ni mlenda. Juni na Julai ni pakavu ila kuna baridi na ukungu, usubiri uinuke kwanza.

Kabla hujashuka bondeni, simama utazame jabali vizuri na ukariri vitu viwili vitatu vilivyo kwenye mstari wake. Sisi tulishika paa la bati na mkaratusi uliokauka. Ukishaingia kwenye miti, jabali hulioni tena.

Kisha uliza watu. Tulimkuta mzee anapalilia maharage.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Mmepotea?"

Tulipomwonyesha tunakokwenda akacheka. "Huko wanakwenda mbuzi." Halafu akatupa neno lililotufikisha: fuateni kinyesi cha mbuzi, msifuate korongo. Mara ya kwanza tulifuata korongo kwa sababu lilikuwa jeupe, halina vichaka, likatupeleka hadi maji yanapodondokea chini. Mbuzi hupita mgongo wa kilima. Shambani pita mpakani, usikanyage matuta ya watu. Na ukiambiwa mbele ni msitu wa hifadhi, kama ule wa Magamba, rudi ukatafute kibali.

Alama ndiyo kazi yenyewe. Nilichana kanga kuukuu vipande vyembamba, tukawa tunafunga kimoja kila tunapogeuka. Siku ya kwanza tulifunga upande tunaotokea. Wakati wa kurudi kila kitambaa kilikuwa nyuma ya shina, hatukuona hata kimoja, magharibi ikatukuta kwenye migomba ya mtu. Funga upande utakaouona ukirudi. Mmoja atangulie, mwingine kila baada ya hatua kadhaa ageuke atazame nyuma, maana njia ya kurudi ina sura nyingine kabisa. Simu nayo itakuonyesha ulipo hata bila mtandao, ukipakua ramani mapema, lakini chaji ikiisha huna kitu.

Beba fimbo. Gonga jiwe kabla hujaliwekea mkono, kwani moma hupenda kuota jua na hana haraka ya kukupisha. Karibu na ukingo fimbo ina kazi nyingine: choma majani unapotaka kukanyaga. Shoga yangu alikanyaga nyasi nzuri, kijani kibichi, mguu ukazama mpaka gotini katikati ya mawe mawili. Hakuumia, ila matusi aliyoyatoa siyaandiki. Hatua za mwisho tulizimaliza kwa tumbo, tukachungulia vichwa tu.

Tulikaa kwenye mwamba mkavu, mbali kidogo na ukingo, tukamenya mayai. Malori ya barabara ya Arusha yalikuwa madogo hata hayana sauti, lakini jogoo wa huko chini tulimsikia kabisa akiwika, chini ya miguu yetu.

Wakati wa kurudi tulifungua vitambaa kimoja kimoja. Tulifunga 14, tukafika nyumbani na 13. Kilichobaki kimechanika pale penye maandishi ya kanga, kinasomeka "hasidi". Ukikikuta, kifungue.