Kamera Umeshanunua, Sasa Itoe Kwenye Auto

Watu wengi wakipata kamera ya kwanza, hasa hizi Canon na Nikon za mtumba zenye lenzi ya 18-55, wanaiacha kwenye Auto miezi sita alafu wanaanza kulalamika eti simu inapiga picha nzuri kuliko kamera. Na mara nyingi ni kweli, maana simu inakufanyia mambo kimyakimya, inang'arisha sura, inapunguza ukali wa jua, wakati kamera inasubiri uiambie.

Ila usikimbilie Manual, ile M ya kupanga kila kitu mwenyewe. Kuna wanaosema bila M wewe sio mpiga picha, waache na maneno yao. Zungusha kile kidude cha juu mpaka Av kama ni Canon, au A kama ni Nikon au Sony, hapo wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi na kamera inajipangia spidi, yani muda mwanga unaoingia. Tundu ndio ile namba ya f na inachanganya kweli kwa sababu namba ndogo ni tundu kubwa, yani f/3.5 mwanga unamwagika ndani, f/16 unapenya kwa shida kama mtu aliyekunja macho juani. Ukitaka nyuma kufifie na mtu abaki anaonekana vizuri, vuta lenzi mpaka 55, weka f ndogo kuliko zote inayokubali (kwa lenzi hiyo ni 5.6), msogelee, na mtoe ukutani! Akiegemea ukuta hata ungekuwa na lenzi ya mamilioni ukuta hautafifia.

Sasa chungulia spidi. Mtu aliyesimama 1/125 ya sekunde inatosha, watoto wanaocheza mpira nenda 1/500. Ikishuka chini ya 1/60 mkono wako wenyewe utaitikisa picha, kwahiyo pandisha ISO, yani jinsi kamera inavyohisi mwanga, ikipanda na spidi inapanda, toka 100 kwenda 800 au 1600 jioni, na usiogope chengachenga zinazotokea kwenye picha, picha yenye chenga bado ni picha, iliyotikisika unafuta tu.

Hapa ndio kwenye kazi yenyewe, na mimi nilijifunza kwa aibu. Nikah ya binamu yangu nilipiga picha kama 400, bwana harusi kanzu nyeupe, kofia nyeupe, ukuta nyuma mweupe, nimefika nyumbani nafungua kwenye laptopu, kanzu imekuwa rangi ya majivu na sura za watu zimezama kabisa. Sababu ni kwamba kamera haijui kanzu ni nini wala ngozi ni nini, inadhani kila unachoielekezea kina weupe wa wastani, ikikuta vyeupe vingi inasema hapa mwanga umezidi, inapunguza. Dawa yake ni kile kitufe chenye alama ya +/-, weka +1 sura zinarudi. Akija mama aliyevaa buibui jeusi mambo yanageuka, kamera inaongeza mwanga mpaka uso unapauka, hapo shusha -1. Angalia uso kwenye skrini, sio nguo, rekebisha, piga tena. Ukikariri hiki kitufe peke yake umeshawapita wengi.

Mwanga wa huku kwetu nao una tabia zake. Saa sita mchana jua liko utosini, macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi, usimpange mtu uwanjani saa hizo labda kama mmegombana. Mpeleke barazani au mlangoni, akae kivulini lakini uso uelekee nje, mwanga unaingia laini bila gharama yoyote. Upande mmoja ukibaki na giza, mtu ashike shuka jeupe au manila nyeupe pembeni, utaona tofauti. Jioni ndio tamu ila ni fupi, jua la karibu na ikweta linashuka wima, mara limezama, kwahiyo fika mapema na setingi ziwe tayari. Alafu jua pwani yako inatazama wapi bwana, kuna watu wanaenda Coco Beach ya Dar kusubiri jua lizame baharini! Pale ni mashariki, jua linachomoza baharini na kuzama mgongoni kwako. Ukitaka jua na bahari jioni nenda Forodhani Zanzibar, vijana wanajirusha majini, weka -1, spidi isipungue 1/500, watatoka weusi juu ya anga la machungwa.

Kuhusu fokasi, yani mahali picha inapokuwa kali, usiiachie kamera ichague, itashika pua au kikombe cha mbele. Chagua kile kidoti kimoja cha kati, kiweke kwenye jicho, bonyeza nusu kitufe cha kupigia, ukisikia mlio bila kuachia sogeza upange picha yako, malizia kubonyeza. Na kabla ya kumalizia pitisha jicho pembeni mwa fremu, nguzo ya umeme ikiota kichwani mwa mtu haitoki kirahisi.

Sokoni omba kwanza, pale Feri, soko la samaki la Dar, wenye samaki hawapendi kuviziwa, mnunulie hata wa elfu mbili muongee ndio upige.

Zoezi la wiki: kikombe kimoja, dirisha moja, asubuhi, mchana na jioni, f ileile, badilisha +/- tu. Na usiku kabla ya kutoka chaji betri na hakikisha memori kadi imo ndani ya kamera, mimi nimewahi kuvuka na boti mpaka Unguja, kadi nimeiacha Dar kwenye laptopu.