Kiingereza cha michezo: anza na mpira unaoujua

Kijana mmoja wa darasa langu la jioni, dereva wa bodaboda na Yanga damu, aliniletea daftari lenye sentensi hii: "Yanga closed Simba two goals." Alifungua kamusi, akatafuta "funga", kamusi ikampa neno la kufunga mlango. Darasa zima lilicheka, lakini mwenzao hakukosa akili. Alitafsiri neno mojamoja. Kwa Kiingereza mlango hufungwa kwa "close" na bao hufungwa kwa "score": "Yanga scored two goals against Simba."

Tangu siku hiyo nikabadilisha namna ninavyofundisha msamiati wa michezo. Utaratibu wangu ndio huu. Uwe na daftari, kalamu, na simu inayoweza kuonyesha video.

Hatua ya 1: Hesabu mtaji ulio nao

Kabla ya kutafuta neno lolote jipya, andika maneno yote ya mpira unayoyajua kwa Kiswahili. Utaona mengi ni Kiingereza kilichovaa kanzu: kona ni "corner", refa ni "referee", kipa ni "goalkeeper", faulo ni "foul", krosi ni "cross", straika ni "striker", kocha ni "coach". Maneno kama hayo hayakosi thelathini kichwani mwako, na hujalipa ada bado.

Yapo machache ya kuangalia. Beki wetu kwa Kiingereza huitwa "defender". "Back" husikika zaidi ikiwa na mwenzake, kama "full back" au "centre back". Winga ni "winger", ila kumbuka yule anayekushika mkono Kariakoo akupeleke duka la viatu si "winger" hata kidogo. Huyo mwite "broker" au "middleman".

Kisha andika pembeni yale tuliyoyaunda wenyewe, maana hayo ndiyo ya kujifunza upya. Mtambaa panya ni "crossbar". Kupiga chenga ni "dribble". Tobo ni "nutmeg", neno lilelile la kungumanga ya kwenye pilau, nalo hutumika kama kitenzi: "He nutmegged the defender." Kuotea ni "offside", na hapa usitafute kitenzi. Kwa Kiingereza mtu haotei, yuko tu mahali pa kuotea: "He was offside."

Hatua ya 2: Hamisha mkazo

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno ya kukopa tumeyatia adabu hiyohiyo. Ndiyo maana unasema "penalti" ukikaza katikati, halafu ukikutana na mgeni ukasema "penalty" kwa mkazo uleule, anakutazama tu. Mwenyewe hukaza mwanzo: PEN-al-ty. "Referee" hukazwa mwisho kabisa: ref-e-REE. "Goalkeeper" mwanzo: GOAL-keep-er.

Mazoezi yake ni ya kizamani: piga meza kwa kidole kwenye silabi yenye mkazo huku ukitamka. Dakika tano kila siku, kwa wiki moja. Majirani watazoea.

Hatua ya 3: Shinda, shindwa, toka sare

Hapa ndipo penye kazi, usikimbie. Kosa ninalolisahihisha kuliko yote ni hili: "Simba won Yanga." Kwa Kiswahili "kushinda" hubeba kila kitu, unashinda mechi, unashinda kombe, unamshinda mtu. Kwa Kiingereza kazi hiyo wamegawana wawili.

"Win" hufuatwa na kitu unachokipata au shindano lenyewe: "Simba won the match", "Simba won the cup", "Simba won the league."

"Beat" hufuatwa na uliyemshinda: "Simba beat Yanga." Neno hili halibadiliki likienda wakati uliopita. Jana ni "beat", leo ni "beat". Kwenye magazeti utakuta pia "defeated", maana ni ileile.

Kwa aliyepigwa: "Yanga lost to Simba." Hiyo "to" usiidondoshe. Ukisema "Yanga lost Simba", umesema Yanga wamempoteza simba, watu wa maliasili waanze kutafuta.

Sare ni "draw", wakati uliopita "drew": "They drew one-all" au "It was a one-all draw." Waingereza sifuri ya mpira huiita "nil", kwa hiyo 2-0 ni "two-nil". Wamarekani husema "two-nothing" au "two-zero", na mpira wenyewe wanauita "soccer".

Sasa andika sentensi kumi za matokeo ya kweli ya timu yako, tano kwa "win", tano kwa "beat". Lazima yawe ya timu yako. Matokeo yaliyokuuma hayasahauliki, na sentensi yake haisahauliki pia.

Hatua ya 4: "Cheza" ina vitenzi vitatu

Sisi tunacheza mpira, tunacheza karate, tunacheza ngumi. Kiingereza kinachambua. Mchezo wa mpira wa aina yoyote, pamoja na drafti, bao na karata, ni "play". Mazoezi ya mwili na sanaa za kujihami ni "do": "do karate", "do judo", "do athletics". Shughuli zenye mkia wa "-ing" ni "go": "go swimming", "go running". Ngumi ndizo zinazowachanganya wengi. Usiseme "play boxing". Sema "He boxes" au "He is a boxer", imeisha.

"Uwanja" nao hupasuka vipande. Wa soka ni "pitch", wa kikapu na netiboli ni "court", njia ya riadha ni "track", ulingo wa ngumi ni "ring". Jengo zima lenye majukwaa ni "stadium".

Hatua ya 5: Rekodi

Hapa upumue, lugha mbili zinakubaliana. Tunaweka rekodi, "set a record". Tunaivunja, "break a record". Tunaishikilia, "hold a record". Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch, kwa 3:32.2: "Bayi set a world record in 1974."

Mwaka 2019 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40 jijini Vienna, lakini haikuingia kwenye vitabu kama rekodi ya dunia. Hayakuwa mashindano ya wazi, na wakimbiaji wa kumvuta kasi walikuwa wakipokezana. Hao huitwa "pacemakers". Hivyo usiandike "He broke the world record". Andika "He ran a marathon in under two hours", utakuwa umesema kweli kwa Kiingereza safi.

Hatua ya 6: Zima sauti, tangaza mwenyewe

Tafuta kipande cha video cha bao la Mbwana Samatta pale Wembley, tarehe 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi, Aston Villa na Manchester City. City walikuwa mbele 2-0. Dakika ya 41 El Ghazi wa Villa akapiga krosi, mwenzake Samatta akajirusha na kichwa, nyavu zikacheka.

Sikiliza mara ya kwanza kwa sauti. Utagundua mtangazaji hasemi mambo yaliyopita; anatumia wakati uliopo, neno fupifupi: "El Ghazi crosses... Samatta... he scores!" Mara ya pili zima sauti utangaze wewe. Mara ya tatu funga video, uandike kama mwandishi wa gazeti, wakati uliopita: "Samatta pulled one back with a diving header, but Villa lost 2-1." "Pull one back" ni kurudisha bao moja ukiwa nyuma, "diving header" ni kichwa cha kujirusha.

Zoezi hili mwanzoni tulilifanyia kibanda umiza, mechi ikiwa mubashara. Yule kijana wa bodaboda alisimama akaanza "He shoots! He shoots!" mpaka wazee waliolipa kiingilio wakadai pesa zao. Mwenye banda akatutoa nje kabla ya mapumziko. Siku hizi tunalifanya kwa simu, kijiweni, na kipindi cha pili anatangaza yule kijana.